Pango la Nyayo na Mbia Wake

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na pango.

Na mlango.

Mlango wa nani?

Wa kila mwenye mguu.

Na mwenye mabawa je?

Atue, naye ana miguu.

Haya, mmekuja na masikio yenu, vizuri. Kaeni. Viti hivyo mlivyokalia vimetolewa na Bwana Sempoli, yule pale mbele aliyekalia kiti chenye mto. Soda nazo ni zake. Ameniomba jambo moja tu: ngano niisimulie nipendavyo, lakini mafunzo ya mwisho niyasome kama alivyoyaandika yeye. Karatasi ninayo mfukoni. Tutafika huko.

Basi, hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanasemezana, palikuwa na kilima cha mawe kando ya mto, na ndani ya kilima palikuwa na pango. Kuta za pango hilo zilijaa nyayo. Kila mnyama akizaa, siku ya saba hubeba mtoto mpaka pangoni, akamchovya mguu kwenye udongo mwekundu, akaubandika ukutani: pa. Ndiyo ilikuwa desturi. Unyayo wa babu yake Tembo ulikuwa mpana kama ungo. Wa shomoro ulikuwa mwembamba kama uzi. Mwenyewe akifa, unyayo wake unabaki, na wajukuu wanakuja kuutazama. Hakuna aliyelipa, kwa sababu hapakuwa na mlango wa kulipia.

Mtunzaji wa pango alikuwa Pimbi. Mnamjua Pimbi: mdogo, mnene kidogo, hana mkia. Wengine husema hana mkia kwa uvivu, lakini wamemsingizia. Siku mikia ilipogawiwa alikuwa pangoni anafagia. Alifagia, alifukuza popo, alipokea wageni na kuwaonyesha: huyu ni bibi yake Swala, huyu ni Kobe, alichukua siku tatu kuinua mguu.

Na chini kabisa, ukuta wa kulia, karibu na mlango, palikuwa na unyayo mdogo sana. Huo hakumwonyesha mtu. Ulikuwa unyayo wa mama yake, aliyekwisha kufa. Kila asubuhi Pimbi aliweka mguu wake juu ya ule unyayo na kusema, "Mama, nimeamka." Basi, hayo tu. Halafu anachukua ufagio.

Taabu ilianza na mvua. Maji ya kilimani yalikuwa yakiteremka, yanaingia pangoni na kuramba ule ukuta wa kulia upande wa chini. Masika yaliyopita yalifuta nyayo za sungura wawili na nusu ya nguchiro. Kutoka hapo hadi unyayo wa mama yake vilibaki vidole vinne tu. Pimbi akaenda Barazani kuomba mtaro, mtaro mmoja tu, wa kuyapeleka maji mtoni.

Mwenyekiti wa Baraza alikuwa Tembo. Tembo na Pimbi ni ndugu wa damu, ingawa Tembo akiwa kikaoni husahau. Alimsikiliza kwa masikio yake yote, na mnajua yalivyo makubwa, kisha akasema kasma ya mitaro hakuna. Iliyokuwepo ilitumika kwenye ziara ya mafunzo. Baraza zima lilikuwa limetembelea msitu wa mbali, likakaa huko mwezi, likarudi na neno moja jipya: ubia. Umma unatoa kilichopo, mtu binafsi analeta kisichopo, na wote wanafaidi. Walilipenda sana neno hilo. Hakuna aliyeuliza kisichopo kitatoka wapi.

Mara, tu, tu, tu, tu. Nani huyo? Kiboko.

Kiboko alikuwa tajiri wa mtoni. Bwawa lake, ukingo wake, nyasi zake. Ukoo wao haukuwahi kubandika unyayo pangoni, maana mama yake alisema mambo ya kubandikabandika miguu ni ya watu wa nchi kavu. Sasa alifika Barazani akiwa na tumbo mbele na maneno nyuma. Akasema mtaro atachimba yeye. Mlango ataweka yeye. Wamwachie pango aliendeshe miaka tisini na tisa, na wote watafaidi.

"Tuko pamoja," akasema. "Chako ni chetu."

"Na chako?" Pimbi akauliza.

"Changu tutazungumza."

Baraza likapiga makofi. Karani Korongo akaandika mkataba kwenye gome la mti. Umma utatoa pango, nyayo, mtunzaji na maji ya kunywa, na lawama zikitokea utazipokea. Mbia atatoa uzoefu. Mtaro utachimbwa hali itakaporuhusu. Kisha Kiboko akaongeza kifungu chake mwenyewe, kwa sababu alisikia Kobe aliliazimisha pango gamba la babu yake na sasa analitaka arudishiwe. Kifungu kilisema: kitu chochote kitakachowekwa pangoni na kupewa namba hakitatoka mlangoni kwa miaka tisini na tisa, hata kikililiwa.

Siku hiyo palikuwa na chakula cha mchana, maboga na ndizi mbivu. Mnajua kikao chenye chakula kinavyokwenda. Ambao hawakusoma ndio waliotangulia kutia unyayo. Tembo akatia wa kwake, ukafunika kifungu cha tatu hadi cha tisa, na mambo yakawa yamekwisha.

Kesho yake pango lilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na Nyati.

Nyati alikuwa bawabu mwaminifu kupita kiasi. Kiboko alimpa amri mbili. Ya kwanza: haingii mtu bila mzigo wa majani mabichi. Ya pili: hakitoki chenye namba. Nyati akazishika amri zake mbili kama mtoto aliyetumwa dukani, akawa anazirudia siku nzima asije akasahau. Haingii, hakitoki. Haingii, hakitoki.

Swala akaja kumwona bibi yake, akaleta mzigo. Kobe akaja kulilia gamba la babu yake, akaleta mzigo, akarudi bila gamba. Shomoro akaja na unyasi mmoja mdomoni, akaambiwa arudi kujaza. Na Kiboko amekaa kizingitini, tafu, tafu, tafu, anatafuna kiingilio. Hata Pimbi aliyekwenda kufagia alidaiwa mzigo. Akasema yeye ni mfanyakazi wa humo humo. Nyati akafikiri kwa uchungu mwingi, akasema basi alete nusu.

Kwa hiyo kila asubuhi Pimbi alikata majani kwanza, ndipo akaingia kumwamkia mama yake. Hilo lilimuuma. Kumlipa mtu ili useme "Mama, nimeamka" ni jambo linalomdhalilisha mtu, hata kama ni pimbi.

Mawingu yakaanza kukusanyika juu ya kilima. Pimbi akaenda kwa Kiboko kuuliza habari za mtaro. Kiboko akameza, akasema mtaro uko katika awamu ya pili.

Na awamu ya kwanza ni nini?

"Picha yangu," akasema Kiboko. "Ukuta ule wa kulia, karibu na mlango, ambao mgeni akiingia anauona kwanza. Utapakwa chokaa, kisha nichorwe nikiwa nacheka. Uzinduzi ni siku tatu zijazo."

Pimbi akasogea mbele ya ule ukuta. Akasema ukuta ule una nyayo za watu. Kiboko akauliza nyayo za nani hasa. Pimbi hakupenda kusema, lakini alisema: umo unyayo wa mama yake. Kiboko akainama, akatafuta, akauona.

"Kadogo hivi?" Akacheka, hoh, hoh, hoh. "Haka hata hakatatumia chokaa nyingi."

Pimbi alikwenda kwenye ufa wake mwambani, akalia mpaka akachoka. Mama yake hakuacha kitu kingine duniani isipokuwa alama ile, ndogo kuliko kifuniko cha chupa, na kesho kutwa itakuwa chini ya kicheko cha Kiboko. Akalia tena kidogo. Kisha akanawa uso, akakaa, akafikiri. Wadogo hatuna nguvu za kusukuma, jamani, lakini nafasi ya kufikiri tunayo, maana hakuna anayetuita vikaoni.

Asubuhi alifika mlangoni na mizigo miwili badala ya nusu. Kiboko akampokea kwa furaha. Pimbi akasema hakulala. Akasema picha ile, kwa mtu mwenye heshima zake, ni tusi.

"Tusi gani?" Kiboko akaacha kutafuna.

"Ukutani utaonekana upande mmoja, Bwana Mbia. Tumbo la upande wa pili nani ataliona?"

Kiboko akaligeukia tumbo lake la upande wa pili, akalionea huruma. Pimbi akamweleza taratibu. Mkubwa hachorwi, mkubwa huchongewa sanamu. Inawekwa katikati ya pango, juu ya jiwe, wageni wanaizunguka kama wanavyozunguka ngoma. Na ukuta uachwe kwanza kama ulivyo, maana chokaa nyeupe itayavuta macho ya wageni na sanamu itakosa kutazamwa.

Kiboko alipendezwa mno. Hapo hapo akaenda Barazani, akatangaza kwamba mafundi wake wamekwisha kuchonga sanamu kubwa, kwa gharama zake mwenyewe, na kwamba huo ndio mchango wake katika ubia. Baraza likamshukuru kwa maandishi. Ndipo akaitwa Fundi Mchwa, mjuzi wa udongo kuliko wote, aseme ujira wake. Mchwa akasema anataka kipande cha ukingo wa mto, achimbe udongo wake siku zote.

"Ukingo ni wangu," akasema Kiboko. "Changu tutazungumza." Wakazungumza, na Mchwa akaenda zake.

Siku moja ikabaki. Sanamu hakuna, na Baraza limekwisha kushukuru. Kiboko akazunguka pangoni, tu, tu, tu, jasho linamtoka. Pimbi akafagia. Akafagia tena pale pale alipokwisha kufagia. Halafu, kama anayejisemea, akasema kuna mmoja anafanana na Kiboko kuliko udongo wowote.

"Nani?"

Pimbi akatazama vidole vyake kwa adabu.

Uso ukamkunjuka Kiboko. Hatalipa kitu.

"Siku moja tu," Pimbi akasema. "Nitakupaka udongo. Usiseme, usipepese. Watakuja kuisifu sanamu, nawe utazisikia sifa zako kwa masikio yako mwenyewe."

Nani angekataa? Hata mimi ningepanda juu ya jiwe.

Siku ya uzinduzi, kabla wageni hawajafika, Pimbi alimpaka udongo mwekundu, paka, paka, paka, mgongo, tumbo, upande huu na upande wa pili, mpaka kwenye kope. Kiboko akapanda juu ya jiwe, akatanua kifua, akatulia.

Wageni wakajaa. Tembo alikuwa mgeni rasmi. Akakata utepe wa mtambaazi kwa pembe yake, akahutubia mpaka kivuli kikahama. Kisha watu wakaizunguka sanamu. Ngiri akasema fundi amejitahidi, ila usoni amemwonea huruma. Twiga akasema mwenyewe ni mnene zaidi ya hapo. Kima akaingiza kidole puani mwa sanamu aone kama ndani ni wazi. Sikio la sanamu likacheza, tiki, na shomoro akasema limecheza. Pimbi akamwambia ndiyo sanaa ya kisasa, na shomoro akaona haya kuuliza zaidi.

Karani Korongo alikuwa na daftari la pango. Pimbi akasimama mbele ya wote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, hiki tunachokiona ni sanamu au ni Bwana Kiboko?"

"Sanamu," wakasema wote.

"Kiandikwe?"

"Kiandikwe," akasema Tembo, "tena kwa heshima."

"Mwenye pingamizi aseme."

Kiboko akalisikia hilo vizuri. Lakini aseme nini? Akifungua mdomo, Baraza litajua hakuna sanamu, hakuna mafundi, hakuna mchango. Akaufunga mdomo. Korongo akaandika, akachukua kibao chenye namba arobaini, akakitundika sikioni mwa Kiboko kwa kamba.

Wageni wakaondoka. Jua lilikuwa kali, na pango lilikuwa kavu kama chungu kilichosahaulika jikoni. Udongo ukaanza kukauka mgongoni. Kwa, kwa, kwa, ukapasuka, na ngozi chini yake ikavuta. Mnajua kiboko bila maji ni kitu gani. Akateremka jiweni, miguu imekufa ganzi, akajivuta mpaka mlangoni. Nyati akashusha pembe.

"Inakwenda wapi?"

"Mtoni."

"Namba ngapi hiyo?"

"Arobaini, lakini ni mimi. Ni mimi niliyekuajiri."

Nyati akafikiri, kwa uchungu ule ule. "Bwana Kiboko aliniambia kwa mdomo wake. Chenye namba hakitoki, hata kikililiwa. Cha kujililia chenyewe hakukitaja, lakini nadhani nacho kimo humo humo."

Kiboko akapiga kelele, Tembo akarudi, na Baraza zima nyuma yake. Wakashangaa. Kama huyu ni Kiboko, iko wapi ile sanamu waliyoishukuru kwa maandishi? Na kama ni sanamu, kwa nini inanuka jasho? Jambo likawa zito. Tembo akaunda kamati. Kamati itakaa, itazunguka, itasikiliza wadau, italeta taarifa kiangazi kijacho.

"Nitakauka," akasema Kiboko.

"Kamati italizingatia hilo pia," akasema Tembo.

Ndipo Pimbi akapanda juu ya jiwe la pale mlangoni, karibu na sikio lenye kibao. Hakuona furaha kumwona vile, niwaambie kweli. Midomo ilikuwa imepasuka, na macho yalikuwa macho ya mtu anayeogopa. Lakini alikumbuka chokaa, akasema yake kwa sauti ya chini.

"Bwana Mbia, namba inatoka kwenye mkataba. Mkataba ukifa, namba inakufa nao."

Kiboko akapumua kwa shida. "Na pango?"

"Pango ni letu."

"Na mlango wangu?"

"Wako tutazungumza."

Gome likaletwa. Korongo akaandika kwamba mkataba umekufa, na Kiboko akainua mguu akaubandika: pa. Watu wote wakauona. Tembo akatia wa kwake, safari hii bila kufunika kitu. Karani akakata kamba ya kibao. Nyati akatazama sikio, hakuona namba, akasogea pembeni.

Kiboko akatoka mbio. Lakini miguu ya nyuma ilikuwa bado imekufa ganzi, na tumbo lilikuwa limelemewa na udongo na majani ya kiingilio cha miezi mitatu. Akaliburuta. Kwaruuu, kutoka mlangoni, kwaruuu, akateremka kilima, kwaruuu, mpaka mtoni. Chubwi. Akazama mpaka masikio, na hadi leo mchana kutwa yumo majini, anachungulia kwa macho tu, asije akaandikwa tena.

Pimbi akasimama mlangoni kutazama alikopita. Palikuwa na mfereji, kina chake kifua cha ngiri, umenyooka toka pangoni hadi mtoni.

Mvua ikanyesha wiki ile ile. Maji yakateremka kilimani, yakafika mlangoni pa pango, yakaukuta ule mfereji, yakageuka kwenda nao. Pimbi alikaa macho mpaka kulipopambazuka, hakuthubutu hata kuugusa ukuta. Kulipokucha akaweka mguu wake chini kabisa, ukuta wa kulia. Pakavu.

"Mama," akasema, "nimeamka."

Ule mlango waliung'oa, wakaulaza juu ya mfereji uwe daraja la Kobe, na Kobe akavuka juu yake amebeba gamba la babu yake. Gome la mkataba wakalitundika ukutani, maana unyayo wa Kiboko, ukiutazama bila chuki, ni mzuri. Baraza nalo liliandika kwenye taarifa yake kwamba mbia alikamilisha mtaro kabla ya awamu ya pili. Mwezi uliofuata walisafiri tena kwenda kujifunza, na wanasema Mamba amekwisha kuonekana karibu na ofisi ya Mwenyekiti, anatabasamu.

Ngano yangu nimeibandika ukutani. Mwenye mguu apite aitazame bure.

Sasa karatasi. Hii hapa. Nasoma kama ilivyoandikwa, sipunguzi wala siongezi:

"Mafunzo. Bila Kiboko mtaro usingechimbwa. Kwa hiyo wananchi tusiwe na midomo mirefu kama Pimbi. Akija mwenye uwezo, tumpe mlango, tumpe ukuta, tumweke katikati, tumzunguke na kumsifu."

Mwisho wa karatasi. Nami nakubaliana nayo kabisa, hasa pale pa kumweka katikati. Bwana Sempoli, tunakushukuru kwa viti. Hapana, usisimame. Kaa hivyo hivyo, usipepese, tukutazame kidogo.

Pango lipo?

Lipo.

Na mlango?

Tutazungumza.